Kuku Mmoja kutoka Kibua

Karuba, 9 Novemba 2021

Dada Kahambu,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi. Mvua inanyesha kila alasiri, majani yamekuwa marefu, na ng'ombe wa Karuba wanatoa maziwa mpaka vyombo vinakosekana. Natengeneza fromaji, hii jibini yetu ya Masisi, hata Jumapili baada ya misa, Mungu anisamehe. Kaka Eugène amepiga simu kutoka Butembo. Mama magoti yanamwuma lakini mdomo bado una nguvu, kila siku anauliza kama nitaoa au nitazeeka pamoja na fromaji zangu.

Sasa nina jibu lake. Anaitwa Thacienne, binti wa Papa Hakorimana, mmoja wa wanaoniletea maziwa. Siku ya kwanza alionja kipande, akasema mbele ya wateja: "Papa Katembo, hii fromage iko na chumvi ya mwezi muzima." Nilikasirika. Usiku nikaonja mwenyewe, na alikuwa amesema kweli. Tangu siku hiyo simwazi mwingine.

Huku mahari ni ng'ombe, si mbuzi kama kwetu. Papa Hakorimana amesema sita. Unajua tangu Eugène atufundishe kupokea kwa pesa za intaneti malipo ya maharagwe anayonunua huku, akiba yangu yote naiweka kwenye bitcoin. Leo inanunua ng'ombe wanne, na bado inapanda. Naamka asubuhi, natazama simu, nakuta nimeongezewa mguu wa ng'ombe bila kukamua.

Wewe unaweka wapi yako? Na una ngapi? Nauliza kwa upendo, nijue nasimama wapi na nani.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu ya bariere, vile vizuizi vya wenye bunduki njiani. Wanachukua simu, wanasoma ujumbe, wanataka kuona mpaka salio. Barua ya kurasa mbili hakuna mwenye subira nayo. Sébastien, motari wetu wa pikipiki, ataiweka chini ya katoni ya fromaji. Moja ni yako, ile yenye chumvi kidogo.

Mdogo wako mwenye furaha,
Katembo


Kibua, 2 Desemba 2021

Katembo mdogo wangu,

Fromaji imefika, panya wa njiani alionja kwanza. Nashukuru Mungu kwa uzima wenu. Duka linaendelea. Mafuta ya mawese yamepanda bei, chumvi imeshuka, na jirani yangu Josiane amezaa mapacha ambao wanalia kwa zamu. Hapa msituni mvua haina ratiba kama huko kwenu.

Nimesoma habari za Thacienne mara tatu. Msichana anayekuambia ukweli kuhusu chumvi kabla hujamwoa hatakudanganya ukishamwoa. Mchukue. Nimefurahi mpaka nikampunguzia mteja bei bila yeye kuomba, na alinitazama kama mgonjwa.

Unauliza nina ngapi. Nina kuku saba. Mmoja wa madoadoa ameamua kulala kwenye sahani ya mizani ya dukani, kila asubuhi namwondoa kabla ya kupima chumvi, na yeye ananitazama kama mimi ndiye mgeni.

Kuhusu bitcoin yako nina swali moja. Eugène alinionyesha kwamba ukiwa na anwani ya mtu, ile mistari ya herufi, unaiandika kwenye intaneti na unaona kila kilichoingia, kila kilichotoka na kilichobaki. Jina halipo, lakini atakayejua kwamba anwani ile ni yako anakuona mpaka mfukoni. Hilo huoni kuwa ni shida?

Akupendaye hata ukinuka maziwa,
Kahambu


Karuba, 20 Januari 2022

Dada Kahambu,

Heri ya mwaka mpya, ingawa umeanza na baridi ya kuvunja meno. Noeli niliila kwa Papa Hakorimana. Nilipewa kiti chenye mgongo, kwa hiyo mambo ni mazuri. Mama huko Butembo amekwishachagua kitambaa cha harusi, cha kijani, usibishane naye.

Swali lako nimelifikiria. Eugène alituonyesha aina tatu. Kuna bitcoin, inapanda na kushuka, na kila mtu anaweza kuona. Kuna ile dola ya intaneti, USDT, ambayo leo ni dola moja na kesho ni dola moja, haikui wala haipungui. Hiyo nayo inaonekana. Halafu kuna Monero, inayoficha aliyetuma, aliyepokea na kiasi chenyewe, na huku Masisi hakuna anayekubali kukubadilishia. Sebarenzi wa Mushaki, anayetutolea noti, aliposikia jina hilo alisema: "Ile siijue, ile iko pesa ya ba-sorcier."

Mimi naipenda bitcoin kwa sababu inaonekana. Si ndivyo tulivyolelewa? Kwenye harusi yetu yoyote komite inakaa, kila mtu anatoa mchango, na siku ya sherehe sekretere anasimama na kusoma jina na kiasi, na hakuna anayesema komite imekula. Bitcoin ni sekretere asiyelala. Pesa ya kuficha, dada, ni pesa ya mwizi.

Komite yetu itakaa mwezi wa pili. Nina wazo zuri kuhusu kadi za mwaliko. Utaona.

Na bado hujaniambia una ngapi.

Wako wa kiti chenye mgongo,
Katembo


Kibua, 6 Februari 2022

Katembo,

Mimi ni mzima. Kuku wamebaki sita, fungo amechukua mmoja, lakini yule wa madoadoa anaatamia mayai matano kwenye mizani na sasa napima chumvi kwa kikombe.

Umesema pesa ya kuficha ni ya mwizi. Nguo yangu ya ndani nayo naificha, na sikuiiba, niliinunua Butembo sokoni.

Sijawahi kukusimulia vizuri habari za Athanase mume wangu. Uliambiwa alichukuliwa msituni siku kumi na moja, tukalipa, akarudi, na baada ya miaka miwili kifua kikamuua. Hukuambiwa ilivyoanza. Alikuwa ameuza mafuta ya msimu mzima na pesa zikaingia kwenye simu. Alikwenda kibandani kutoa kidogo, na kijana wa kibanda akasoma salio kwa sauti, kwa mshangao, bila nia mbaya: "Papa Athanase! Njo zote hizi?" Kulikuwa na watu saba kwenye foleni. Siku ya nne wakaja nyumbani kwetu, na walitaja kiasi kile kile, mpaka franga ya mwisho.

Tangu hapo siwezi kusikia mtu akisoma hesabu yangu. Mwili unakataa. Usiniulize tena nina ngapi, mdogo wangu, si kwamba sikuamini.

Mimi nimechagua Monero. Ndiyo, ile ya wachawi. Najua inapanda na kushuka, najua Sebarenzi haitaki. Kwa matumizi ya wiki nageuza kidogo kuwa dola ya intaneti, Eugène ananiletea bidhaa, basi. Ufunguo wake ni maneno ishirini na tano ya Kiingereza. Sikuyaandika popote. Niliyajifunza nikitwanga sombe, majani ya muhogo, neno moja kwa kila pigo la mchi, na mpaka leo nikitwanga nayarudia. Rais wa Mama Wakatoliki alikuja kuniuliza kwa upole kama nimehamia kanisa la kunena kwa lugha.

Kuhusu wazo lako la kadi, sijui ni nini, lakini nakujua. Kama unataka kuandika anwani yako ya bitcoin kwenye kadi ili watu watume michango, USIFANYE. Au fungua nyingine mpya, tupu, ya michango tu. Ile unayoweka akiba na pesa za Eugène za kununulia maharagwe isionwe na mtu.

Nampa Sébastien barua hii leo leo.

Dada yako,
Kahambu


Karuba, 27 Februari 2022

Dada Kahambu,

Salamu nyingi. Wanasema mto umebeba daraja upande wenu na zaidi ya hayo kuna mapigano, magari yamelala njiani. Ndiyo sababu sijapata barua yako, au umekasirika kwa yale ya mwizi? Nilitania tu.

Naweka kadi ndani, utaipata barabara ikifunguka. Tumechapisha mia moja na hamsini. Angalia karatasi ilivyo nzito! Njiwa wawili juu, majina yetu katikati, na chini, pembeni ya "Unaweza kutuma mchango wako hapa", ile alama ya vidoti vyeusi ya kupiga picha kwa simu. Ni anwani yangu ya bitcoin. Hakuna harusi Masisi yote iliyowahi kuwa na kitu kama hicho. Papa Hakorimana ameibandika yake kwenye mlango.

Siku ni Jumamosi tarehe 27 Agosti.

Katembo, bwana harusi wa kisasa


Karuba, 24 Machi 2022

Dada Kahambu,

Barua yako ya tarehe 6 Februari imefika jana, imelowa, wino umekimbia, lakini lile neno la herufi kubwa linasomeka vizuri sana.

Nimeisoma habari ya Athanase nikiwa nimesimama, kisha nikakaa kwenye ndoo. Nilikuwa naye mara nyingi na hakusema neno. Nisamehe kwa kukuuliza, na kwa kuuliza tena.

Sasa nikueleze yaliyonipata. Papa Hakorimana ana mpwa wake, Kanyamibwa, anasoma chuo Goma. Alikuja likizo, akaona kadi mlangoni, akapiga picha vidoti, na akamwonyesha mjomba wake simu. Siku hiyo pesa za Eugène za maharagwe zilikuwa zimeingia. Pamoja na akiba yangu zilikuwa bei ya ng'ombe kumi na wawili.

Niliitwa. Kiti chenye mgongo kilikuwepo lakini alikuwa amekikalia mwenyewe. Akasema: "Katembo, uliniambia uko mutengeneza fromage tu. Nikakuhurumia, nikasema sita. Kumbe uko tajiri." Nikamweleza ni pesa za kaka yangu, zinapita tu kwangu kwenda kununua maharagwe. Akasema: "Pesa inalala kwako, inaamuka kwako, unasema haiko yako? Sasa njo tisa."

Tisa, dada. Na hataki nibaki na deni hata la ndama, anasema hii ni vita, ng'ombe wa deni hana mwenyewe. Kama tarehe 27 Agosti hawatakuwa tisa uwanjani, kuna mfugaji wa Nyamitaba ambaye amekwishakuja mara mbili na pombe ya posa.

Thacienne alilia, halafu akamkasirikia baba yake, halafu akanikasirikia mimi. Aliniuliza: "Weye, nani anaandikaka mufuko yake kwa mulango ya watu?"

Kadi mia moja na hamsini zimekwenda mpaka Sake. Sijui nani mwingine amepiga picha, na wengine wana bunduki. Nifanye nini?

Katembo


Kibua, 18 Aprili 2022

Katembo,

Pasaka njema. Vifaranga wote wamekua, kuku sasa ni kumi na mmoja, na mapacha wa Josiane wana meno.

Nilipofika pale Hakorimana alipokalia kiti nilicheka kwa sauti peke yangu dukani. Nilipofika kwenye bunduki niliacha. Kwa hiyo nisikilize, na ufanye siku ile ile ya kupata barua hii.

Usihamishe pesa moja kwa moja kwenda anwani mpya ya bitcoin. Njia inaonekana, kama nyayo kwenye matope, na Kanyamibwa amesoma, atazifuata. Geuza kwanza iwe Monero, ndani ya simu, halafu zile za Eugène mrudishie kupitia huko. Atakayefuata nyayo atafika mlangoni na kukuta zimeishia hapo. Kwenye anwani ya kadi acha kidogo, kiasi cha mtu wa kawaida, ili atakayetazama aone kwamba umetumia kwa mambo ya harusi. Na Eugène asitume tena kitu kwenye anwani ile.

Akiba yako wewe amua mwenyewe. Mimi ningeigeuza sehemu kuwa dola ya intaneti, maana ng'ombe hawasubiri bei ipande. Lakini najua unapenda kuongezewa mguu asubuhi.

Huyo Thacienne nazidi kumpenda.

Kahambu


Karuba, 22 Juni 2022

Dada Kahambu,

Sisi wazima. Rutshuru wanapigana sana, watu wanashuka na magodoro kichwani, wengine wamefika mpaka kwetu na nimewapa nafasi kwenye banda la fromaji. Mama anaendelea vizuri, kitambaa cha kijani kimefika.

Zile za Eugène nilirudisha kama ulivyosema, siku ile ile. Hakuna mtu aliyekuja. Kwa hilo nalala.

Akiba yangu sikuigeuza. Nilisema nisubiri ipande kidogo, mpaka ng'ombe watano, halafu niache. Ilikuwa inashuka tangu Desemba, na mwezi wa tano ikaanguka kabisa. Nikasema itarudi. Leo asubuhi ile iliyokuwa ng'ombe wanne inanunua mmoja na mkia. Sébastien anataka kujua kwa nini sipendi tena simu yangu.

Kwa fromaji nimenunua ng'ombe wawili, wako hapa. Michango ya komite, na Eugène ndani yake, inatoa wawili. Na huyo wa bitcoin. Watano. Nilikwenda kwa Papa Hakorimana na simu, nikamwonyesha bei ilivyoanguka. Alitazama, akavaa miwani, akatazama tena. Akasema: "Haya iko mambo yako na simu yako. Mimi nilihesabu ng'ombe."

Nimeanza kujizoeza kufikiri kwamba sitaoa. Sijazoea. Thacienne anasema atamkataa wa Nyamitaba, lakini nitamwachaje agombane na baba yake kwa ajili ya upumbavu wangu? Analeta maziwa kama kawaida, hatuzungumzi, tunapima tu.

Sikuandikii ili unipe kitu zaidi ya sala.

Katembo


Kibua, 10 Julai 2022

Katembo mdogo wangu,

Kwa salamu, sote wazima.

Tarehe 25 Julai, saa moja jioni, nitapanda kilima chenye rezo ya simu. Nawe siku hiyo nenda Mushaki, fungua simu. Utakuta Monero ya bei ya ng'ombe wanne. Igeuze kuwa dola ya intaneti ndani ya simu, kwenye anwani mpya utakayoitumia mara hiyo tu, halafu Sebarenzi akutolee noti kwa siku tatu tofauti. Ng'ombe usiwanunue mahali pamoja. Wakikuuliza, fromaji imeuza vizuri, na si uongo.

Masharti yangu ni haya. Hutamwambia mtu. Si Eugène, si mama, si Thacienne. Hata padri usimwambie, maana si dhambi.

Kwenye daftari la komite, mbele ya jina langu, mtaandika kuku mmoja. Sébastien atamleta, ni yule wa madoadoa. Mkiniandika sifuri watauliza kwa nini. Mkiandika kuku watacheka, na wakishacheka hawatauliza.

Mimi sitakuja, barabara ni mbaya na duka halina mtu. Nitatwanga sombe siku hiyo na kuwaza ninyi.

Usinishukuru kwenye karatasi.

Kahambu


Karuba, 4 Septemba 2022

Dada Kahambu,

Nimeoa. Natazama neno hilo na bado nacheka. Mama alicheza na magoti yake yale yale. Mvua ilingoja mpaka misa ikaisha.

Nakusimulia yote kwa sababu najua Sébastien ameshaleta ya kwake. Baada ya chakula Kanyamibwa alisimama na daftari, ana sauti nzuri, ndiyo maana walimchagua kuwa sekretere. Alisoma kila jina na kiasi, watu wakipiga makofi. Akafika kwako. "Mama Kahambu, dada mukubwa wa bwana harusi, mucuruzi wa Kibua, Walikale." Akageuza ukurasa kutafuta mwendelezo, akarudi. "Kuku moya."

Mtu akauliza kutoka nyuma: "Njo yote?"

"Njo yote."

Walicheka, dada. Meza nzima za watu. Papa Hakorimana akafuta machozi, akasema: "Walikale iko mbali. Pengine zingine zilikufia mu njia." Wakacheka upya. Hata Eugène alitazama chini kwa aibu, na baadaye akaniambia umebadilika tangu Athanase afe.

Damu ilinipanda. Nilikuwa nimeshika kiti ili nisimame. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, na kiasi, na tarehe. Thacienne akanishika mkono wa koti, akaninong'oneza: "Usikasirike, papa. Mujane anatoa kile iko nacho." Alikuwa anakutetea bila kujua. Nilikaa. Nikacheka pamoja nao, na kicheko kile kilikuwa kigumu kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya.

Halafu wakaleta ng'ombe. Walipita tisa, mmoja mmoja, mbele ya meza, na mkwe wangu akawahesabu kwa fimbo. Wako wanne walipita mbele ya watu ambao mashavu yao yalikuwa bado yanauma kwa kukucheka. Mmoja wao, mweusi niliyemnunua Nyamitaba, ndiye waliyemsifu kuliko wote.

Kuku wako walitaka kumchinja jioni. Thacienne akakataa, akasema zawadi ya mjane haiingii chunguni. Amempeleka kwenye banda la fromaji, na huko kuku amepanda kwenye mizani ya maziwa na kulala.

Naumia, dada. Nina furaha kuliko siku zote za maisha yangu na hapo hapo naumia. Niruhusu nimwambie Thacienne tu. Mtu mmoja.

Katembo, mume wa mtu


Kibua, 25 Septemba 2022

Katembo na Thacienne,

Hapana. Katembo, katika barua hii msomee mkeo salamu tu, iliyobaki isome mwenyewe. Nawasalimu, nawabariki, sombe ya siku ile ilitwangwa mpaka ikawa uji. Thacienne mdogo wangu, asante kwa kuku. Akilala kwenye mizani usimfukuze, mwekee gunia upande mwingine apate usawa.

Sasa wewe.

Sébastien alianza kusimulia kabla ya kuzima pikipiki. Siku ya pili Kibua yote ilijua kwamba Mama Kahambu amempa mdogo wake kuku mmoja siku ya harusi. Josiane aliniletea bakuli la maharagwe akidhani nimekwama. Mama Wakatoliki wamenipunguzia mchango wa parokia. Juzi wale vijana wenye bunduki walipita dukani, wakatazama huku na huku, na mkubwa wao akawaambia wenzake: "Tuende. Huyu iko maskini, hata kwa harusi ya ndugu yake alitoa kuku moya tu." Wakaenda. Nililala usingizi mzuri ambao sijaulala tangu miaka mitano, na nilipoamka nililia kidogo, kwa raha.

Kwa hiyo usiumie. Wewe ulitaka sekretere asome kila kitu. Amesoma, kila neno lililoandikwa, na hakusema uongo: kuku alifika. Mimi nimepata kuona mdogo wangu anaoa, kwa macho ya Sébastien, na wale ng'ombe niliwahesabu kwenye barua yako, wako tisa. Yule mweusi nimempenda hata mimi.

Umeniuliza mara nyingi, tangu mwaka jana, na sikukujibu. Leo nakujibu, na mtu yeyote akikuuliza, mjibu hivi hivi bila kuona haya.

Nina kuku kumi. Walikuwa kumi na mmoja.

Kahambu